Muuguzi wa diploma akitaka digrii, kwa nini arudishwe mwaka wa kwanza?

Mwakeye jamani. Hili jambo nimekuwa nalijibu kipande kipande kwenye WhatsApp, huyu wa Kasulu ananiuliza sista nifanyeje nipate digrii, yule wa Kibondo kasikia kuna digrii ya onlaini ya mwaka mmoja, mwingine yuko Uvinza GPA (wastani wa alama za diploma) anayo nzuri tu lakini hesabu ya fomu foo ilimpiga chenga, nikaona niandike yote mahali pamoja nikiwa off, maana ni refu na linanigusa.

Mi ni Afisa Muuguzi Msaidizi, yani nina diploma, niko kituo cha afya huku huku Kigoma na sehemu kubwa ya kazi yangu ni leba. Msimamo wangu nautaja mapema ili hata asiyefika chini aondoke nao: muuguzi mwenye diploma, mwenye leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, aliyeshika wagonjwa kwa miaka, hatakiwi kurudishwa mwaka wa kwanza wa digrii akakae dawati moja na watoto waliotoka kidato cha sita kufundishwa upya kupima presha. Apewe programu ya kumalizia. Wahesabu alichonacho, halafu wamfundishe kile ambacho hana.

Angalia ngazi zetu zilivyo. Ukianza na cheti unapita level 4 ya tuzo za taifa za ufundi (NTA) unaenda 5, unapewa leseni unafanya kazi, baadaye ukitaka diploma unarudi kusoma level 6 tu, mwaka mmoja, hakuna anayekuambia anza tena level 4. Hapo kila ulichosoma kimehesabiwa. Sasa ukiwa na hiyo level 6 mkononi ukagonga mlango wa chuo kikuu, vyuo vingi vinakuchukua kwa sifa linganishi sawa, lakini unaingia mwaka wa kwanza na unasoma miaka minne yote. Mtu kasoma diploma miaka mitatu, kafanya kazi mitano au kumi, kazalisha akina mama hata idadi haikumbuki, anaambiwa leo tunaanza na namna ya kunawa mikono. Ni kama umchukue mvuvi wa Kibirizi umwambie aanze kufundishwa kupiga kasia.

Wenzetu Marekani hili walishalipigia kelele siku nyingi. Kule nesi anaweza kusoma kwenye chuo cha kati miaka kama miwili hivi akapata kitu kinaitwa associate degree, anafanya mtihani wa leseni unaoitwa NCLEX-RN, akifaulu anakuwa nesi aliyesajiliwa (RN), na mtihani huo ndio huo huo anaofanya aliyesoma digrii ya miaka minne. Leseni moja. Lakini tangu 1965 chama chao cha wauguzi kilitoa tamko kwamba anayeingia kwenye kazi ya uuguzi wa kitaalamu awe na digrii, na mvutano haujaisha mpaka leo. Mwaka 2010 taasisi yao ya tiba ikatoa ripoti kubwa kuhusu mustakabali wa uuguzi, ikashauri ifikapo 2020 wauguzi asilimia 80 wawe na digrii. Lengo halikufikiwa ila lilisukuma watu, na mwisho wa 2017 jimbo la New York likatunga sheria kwamba nesi mpya anayeanza na cheti cha chini ana miaka 10 tangu apate leseni awe amemaliza digrii.

Sasa ukimwambia nesi mwenye watoto na mkopo wa nyumba akamalize digrii lazima umpe njia ya kupita, na njia yenyewe ndiyo hiyo wanaiita RN to BSN, yani kutoka nesi aliyesajiliwa kwenda digrii ya uuguzi. Digrii kule kwa kawaida ni krediti 120, yani vipimo vya uzito wa masomo, wanachukua alizosoma chuo cha kati wanazihesabu, leseni yake nayo inahesabiwa kwamba huyu stadi za kitandani anazo, kinachobaki ni masomo ya juu: utafiti, takwimu, afya ya jamii, uongozi, sera, namna ya kutumia ushahidi wa kisayansi kwenye kazi, taarifa za afya kwenye kompyuta. Wengi wanasoma onlaini huku wako kazini, mwaka mmoja mpaka miwili kazi imeisha. Hakuna anayemfundisha tena kuchoma sindano. Vitendo vinakuwepo lakini vya afya ya jamii na uongozi zaidi, mara nyingine anavifanya hospitali ile ile anayofanyia kazi.

Hapa nimjibu na yule wa Kibondo maana hayo matangazo na mimi yananifikia kwenye simu, maliza digrii ya uuguzi miezi 12 ukiwa nyumbani. Mdogo wangu, programu zile kwa kawaida zinataka uwe na leseni hai ya RN ya Marekani, leseni ya Baraza letu la hapa Tanzania haiwafai, kwa hiyo ukilipa ada ya kuomba umetupa hela. Na hata ukipata cha nchi nyingine kinachokukubali, tuzo ya nje lazima TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, waitambue ndipo mwajiri wa hapa aisikilize, kwa hiyo uliza TCU kabla hujatoa shilingi. Ukishalipa ndio uulize, umechelewa.

Kuna watu wananiambia digrii ya nini, nesi ni mikono na moyo. Nawaelewa, nimefundishwa kazi na wauguzi wa cheti ambao mpaka leo nikikwama nawapigia simu. Lakini someni na hizi tafiti. Mwaka 2003 profesa Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la JAMA, walichukua hospitali 168 za jimbo lao na wagonjwa wa upasuaji zaidi ya laki mbili na thelathini elfu, wakakuta kila wauguzi wenye digrii wanapoongezeka kwa asilimia 10 hospitalini, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unapungua kwa asilimia 5. Mwaka 2014 wakarudia Ulaya, nchi tisa, hospitali 300, wakachapisha kwenye jarida la Lancet, safari hii upungufu ukawa asilimia 7. Na kwenye utafiti huo huo wa Ulaya kuna upande wa pili ambao watu wetu wa ofisini wanaurukaga: kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi mmoja, uwezekano wa kufa unapanda kwa asilimia 7.

Yani digrii na idadi ya wagonjwa vinatembea pamoja. Unipe digrii halafu uniache usiku peke yangu na mama watatu wote mlango wa kizazi umefunguka sentimita nane, karibu wajifungue, digrii itanisaidia nini hapo. Na hizo ni hospitali za Pennsylvania na Ulaya, vifaa vipo na madaktari wapo, siwezi kuchukua hiyo asilimia nikaibandika huku kwetu Buhigwe. Ninachochukua ni kwamba kuna kitu kinaongezeka kwenye kichwa cha muuguzi akisoma zaidi, na kitu hicho mgonjwa anakifaidi.

Kitu chenyewe nimekiona kwa macho. Tulikuwa na dada mmoja, tuliwahi kuwa naye zamu moja, akaenda kusoma digrii akarudi. Alivyorudi sindano anachoma vile vile, kuzalisha anazalisha vile vile, tena kuna wa diploma waliokuwa wanamzidi kasi. Ila alianza kukaa na kile kitabu cha MTUHA namba 12 cha leba, kile ambacho sisi wengine mwisho wa mwezi tunajumlisha tunapeleka namba wilayani tunakifunga. Yeye akawa anapanga pembeni barua za rufaa za akina mama waliotoka zahanati za vijijini, akagundua karibu zote zina tarehe lakini hazina saa. Hujui mama aliamuliwa kupewa rufaa saa ngapi, hujui gari liliondoka saa ngapi, unajua tu saa aliyofika kwetu na hali aliyofika nayo. Akawapigia manesi wa zahanati mmoja mmoja, kwa hela yake ya vocha, akawaomba waandike saa mbili tu: saa ya kuamua rufaa na saa ya kuondoka.

Baada ya muda akabandika karatasi ya manila ukutani chumba cha zamu, kila mama ana mstari wake, rangi nyekundu ni muda wa kusubiri pale zahanati na bluu ni muda wa barabarani. Sote tulikuwa tunaamini tatizo ni barabara, si mnazijua barabara zetu masika. Manila ikawa nyekundu tupu. Muda ulikuwa unapotea kabla safari haijaanza, ndugu wanatafuta hela, wanamtafuta mume yuko shambani simu haipatikani, mama mkwe anasema tusubiri kidogo. Basi mazungumzo ya kliniki ya wajawazito yakabadilika, ukija hudhurio tunakuuliza ikitokea rufaa nani anaamua, namba yake ipi, na asipopatikana ni nani wa pili, tunaandika kwenye kadi. Hakuna mashine iliyonunuliwa hapo. Nilimuuliza umetoa wapi hii akili akaniambia ni somo la utafiti na somo la afya ya jamii, mwalimu aliwaambia chukueni daftari lolote la wodini kwenu mlifanye liongee.

Haya masomo mawili matatu ndiyo mimi nayataka. Diploma yangu ilinifundisha nifanye nini na nifanyeje, na ilinifundisha vizuri, ila haikunipa uwezo wa kushika utafiti nikausoma mwenyewe nikajua huu una mashiko na huu hauna. Chukua mfano wa patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama leba. Sisi tulifundishwa uchungu mkali unaanzia sentimita 4 na mlango wa kizazi ufunguke sentimita moja kila saa, ukivuka mstari anza kuhangaika. Mwaka 2020 shirika la afya duniani likatoa chati mpya ya kufuatilia uchungu, uchungu mkali sasa unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na ule mstari wa sentimita moja kwa saa hawakuuweka, kwa sababu walishaona wanawake wengi wanaenda taratibu kuliko hapo na wanajifungua salama tu, watoto wazima. Mimi niliyakuta haya kwenye simu usiku nikiwa zamu, nikayasoma mara tatu, nikatamani niifungue tafiti yenyewe nijue walipima akina mama wangapi na wa wapi. Nikaishia kwenye jedwali la kwanza, zile takwimu sikuzielewa.

Sasa vikwazo vya huku, navisema vyote.

Cha kwanza ni vyeti. Diploma vyuo vinataka GPA isiyopungua 3.0 au wastani wa B, hapo wengi mnapita. Tatizo ni matokeo ya kidato cha nne, maana vyuo vingi vya digrii ya uuguzi vinataka angalau D kwenye bailojia, kemia, fizikia, kingereza na hesabu. Tena hesabu. Kuna wauguzi hodari kabisa huku, anakokotoa dozi na matone ya dripu kichwani gizani bila kukosea, lakini cheti cha sekondari ya kata ambayo haikuwa na mwalimu wa hesabu hata mmoja kimeandika F, na F hiyo ndiyo inasimama mlangoni. Wa Uvinza, usikate tamaa, unarisiti, yani unarudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, usajili wa NECTA (Baraza la Mitihani) unaanza mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba, tafuta mwalimu wa hesabu hapo hapo kijijini mlipane mkaanze na zile mada za fomu wani na fomu tuu, ukizishika hizo D unaipata.

Cha pili ni hela. Wengi wanadhani Bodi ya Mikopo itawabeba, lakini mkopo wa Bodi kwa digrii ya kwanza hapewi mtu mwenye ajira ya mshahara. Kwa hiyo mwajiriwa unajilipia ada, chumba, chakula, na huku nyumbani umeacha watoto na wazazi wanaokutegemea. Kuna wanaokopa benki kwa dhamana ya mshahara wakaenda, anasoma huku makato yanaenda na anachopokea mwisho wa mwezi ni kidogo mno, nimewaona, wamekonda. Miaka minne ya hivyo! Mkopo wa miaka miwili mtu anaubeba, ila wa miaka minne unamla mpaka anamaliza chuo hana kiwanja wala mbuzi.

Cha tatu ruhusa. Uwe umethibitishwa kazini, uwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wako, na uombe mapema. Hapa mi siwalaumu mabosi moja kwa moja, kituo kina wauguzi wanne au watano, mmoja akiondoka miaka minne ni nani anaingia naiti? Mfawidhi anapiga hesabu anaona akikuruhusu wodi inakufa. Ndiyo maana nasema hata kwa mwajiri programu ya kumalizia ingekuwa nafuu kuliko hii ya kutuchukua mazima.

Cha nne kinauma zaidi. Mtu anajikamua anamaliza, anarudi na cheti chake, anapeleka barua abadilishiwe kada awe Afisa Muuguzi, anaambiwa subiri bajeti, subiri ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa). Namfahamu aliyesubiri mpaka amechoka kuulizia, mshahara ule ule wa diploma na majukumu ya digrii ameshapewa. Wanaopanga ikama naombeni sana, mkishampa mtu ruhusa ya kwenda kusoma mnajua kabisa mwaka atakaorudi, nafasi yake iwekeni kwenye bajeti ya mwaka huo.

Na cha tano umbali. Huku Kigoma tuna vyuo vizuri vya afya vya ngazi ya kati, Kabanga kule Kasulu kimetoa wauguzi wengi wanaobeba mkoa huu. Lakini digrii ya uuguzi unaenda Muhimbili au Kairuki Dar, au UDOM na St John's Dodoma, au Bugando Mwanza, au KCMC Moshi. Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar kwa miaka mingi kimekuwa na hii programu hasa ninayoililia, digrii kwa wauguzi ambao tayari wamesajiliwa, unasoma huku unafanya kazi, darasani siku chache za wiki na nyingine uko wodini kwako. Kwa nesi wa Temeke ni raha, anapanda daladala. Mimi kutoka hapa mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, siwezi kwenda darasani Jumatatu nikaingia zamu Jumatano.

Kwamba inawezekana kusomesha nesi bila kumtoa kituoni halina ubishi tena. Kenya mwaka 2005 shirika la afya la Amref na baraza lao la uuguzi walianzisha mafunzo ya kielektroniki ya kuwapandisha wauguzi wa cheti kwenda diploma wakiwa kazini, na maelfu wamepita humo, wengine wako Turkana huko ambako hata sisi wa Kigoma tunaona tuko mjini. Na huku kwetu, mradi wa uzazi salama wa Bloomberg Philanthropies ulioanza 2006 ulifundisha wauguzi na matabibu wa hapa hapa, upasuaji wa uzazi ukaanza kufanyika kwenye vituo vya afya vya vijijini, na kuna manesi waliofundishwa kutoa dawa ya usingizi. Watu walisema nesi hawezi, akaweza. Kwa hiyo mtu asiniambie nesi wa Kigoma hafundishiki akiwa kazini.

Sasa sikilizeni habari inayonipa moyo. MUHAS, yani hao hao Muhimbili, wanajenga kampasi hapa Kigoma, ule mradi wa HEET wa serikali wa kuboresha elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ombi langu kwao, na naliandika kwa heshima zote kwa walimu wangu: milango ikifunguliwa, miongoni mwa programu za mwanzo iwepo digrii ya kumalizia kwa wauguzi wa diploma walioko kazini. Wanafunzi wapo tayari, Kigoma yote, Tabora, Katavi, mtawakuta wamepanga foleni.

Na nikiulizwa iweje, ninavyoiona ni hivi. Mtu aje kampasi wiki mbili kila baada ya miezi kama mitatu, vile ambavyo mfawidhi anaweza kupanga ratiba ya zamu akaziba, halafu muda unaobaki asome akiwa kituoni kwake. Masomo yawekwe kwenye simu kwa namna ya kupakua mara moja ukasoma bila mtandao, maana kuna vituo huku kupata mtandao unapanda kilimani, na bando la kuangalia video za saa nzima nani analiweza. Vitendo vifanyike Maweni, Kabanga, Heri, na wa Tabora wafanye Kitete na Nkinga, hospitali zipo na wagonjwa wapo na kuna watu wazuri wa kusimamia. Na utafiti wa mwisho kila mtu aufanye kituoni kwake, achukue tatizo la pale pale. Hebu fikiria wauguzi 40 wa mkoa huu kila mmoja ameligeuza daftari lake la wodi likaongea kama alivyofanya yule dada.

Najua kuna watakaosema mnataka digrii ya mkato. Hapana. Mimi niko tayari kufanya mtihani wa kuingia, wanipime anatomia, famakolojia, wanipeleke wodini mwalimu asimame pembeni aone mikono yangu, ambaye hajui akasomee hicho asichokijua. Tena patholojia na famakolojia ya diploma yetu ni nyembamba, hizo waziongeze na waongeze kwa nguvu, sitaki kubembelezwa. Ninachokataa ni kulipia ada na mwaka mzima wa maisha kusomea kitu ambacho Baraza lenyewe limeshanipa leseni kwamba nakijua. Na miaka miwili ya kusoma huku unaingia naiti, una mtoto mgonjwa na mama mkwe kaja kukaa, sio mkato hata kidogo, aliyewahi kuapgredi akiwa kazini anajua.

Wakati tunasubiri, wale mnaotaka kuomba mwaka huu huu, msingoje dirisha la udahili lifunguke ndipo mkimbie. Waliosoma diploma lazima muwe na namba ya AVN, ya kuthibitisha tuzo yako, kutoka NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi), na haitoki kama chuo chako hakijapeleka matokeo yako vizuri, kwa hiyo wapigie chuo kwanza uhakikishe. Kuna mtu wa kundi letu alikaa anasubiri AVN mpaka awamu ya kwanza ikapita. Majina, jamani majina, cheti cha kuzaliwa, cha fomu foo, cha diploma na leseni vyote viwe na jina moja na herufi zile zile, huku kwetu unakuta mtu sekondari aliitwa jina la baba, chuoni akaongeza la babu, leseni ikatoka na la mume, hilo lirekebishe sasa hivi kisheria maana linachukua muda. Leseni iwe hai na haijapitwa. Barua ya kuomba ruhusa iandike hata kabla ya kupata chuo, ipite kwa mfawidhi, ifike kwa mganga mkuu wa wilaya na afisa utumishi, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ukipata chuo ukaondoka bila ruhusa unahesabika mtoro, na kazi inaweza kwenda.

Ukiwa na nafasi anza na kompyuta. Chuo kikuu kazi zote zinaandikwa na kutumwa kwenye mfumo, na wengi wetu tumeizoea simu tu, kibodi inatusumbua. Mi najifunza Excel kwa kijana wa masjala, jioni akishafunga, tumeanza na kupanga idadi ya waliojifungua kwa mwezi.

Kama kuna msomaji aliyepita ile programu ya Aga Khan Dar akiwa kazini, au aliyesoma ya namna hiyo Kenya au Uganda, naomba aniandikie walikuwa wanapangaje zamu na walihesabiwaje yale ya diploma, masomo gani walisamehewa na yapi hawakusamehewa. Nakusanya hayo nimpelekee mwalimu mmoja aliyeniahidi kuyafikisha kwa watu wa mitaala, na anataka mifano iliyoandikwa, sio maneno ya mdomoni.